Baiskeli Iliyopimwa kwa Tope

Wewe unayesoma haya, umewahi kukaribia kupoteza kazi kwa sababu ya tope? Sizungumzii kuchelewa kwa sababu ulilala sana, au gari liliharibika ukapiga simu ofisini ukaambiwa hakuna neno. Nazungumzia tope. Tope jeusi la mbugani, zito na la kunata kama ugali wa muhogo, linaloshika gurudumu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na wewe unabaki umesimama katikati ya barabara saa kumi na mbili asubuhi, umeshika baiskeli ambayo sasa ina uzito wa ndama. Kama hujawahi, nisikilize nikueleze habari za Nyamburi. Na kama wewe ni mmoja wa watu wanaopanga saa za kufunga mageti, soma mara mbili.

Nyamburi ni jirani yetu. Watu wanamwita mama Fredy. Ana miaka arobaini na mbili. Kwao ni upande wa Butiama, ambako alikua akichunga ng'ombe wa baba yake kwa sababu kaka zake walikuwa bado wadogo, na mpaka leo anatembea kama mtu aliye nyuma ya ng'ombe, haraka na bila kutazama pembeni. Aliolewa huku kwetu kwenye rasi, kwa watu wa samaki na mihogo. Mumewe Samwel anavua dagaa kisiwani Rukuba na hurudi nyumbani siku za mbalamwezi tu, wakati dagaa hawafuati taa. Siku nyingine zote nyumba iko juu ya Nyamburi.

Kwa miaka sita amekuwa kibarua kwenye kiwanda cha minofu Musoma mjini. Jina la kiwanda silitaji. Siogopi, ila jina linaweza kubadilishwa kesho na geti likabaki lile lile. Kazi yake ni kuchuna ngozi ya sangara kwa kisu, amesimama juu ya sakafu ya maji ya barafu kuanzia asubuhi mpaka jioni, na vidole vyake vimepata rangi ambayo haitoki hata akisugua na majivu. Miaka sita, na bado ni kibarua wa siku. Akiugua, jina halisomwi. Mwaka juzi alifiwa na mama yake, akaenda kuzika, aliporudi akaanza upya kupanga foleni kama mgeni.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu mwaka huu likabandikwa tangazo getini. Vibarua ambao majina yao yatakuwa bado kwenye daftari ifikapo tarehe thelathini mwezi wa nne watapewa mkataba. Mkataba, ndugu msomaji. Bima ya matibabu. Likizo. Ukiugua unabaki kuwa mtu. Chini ya tangazo kulikuwa na sharti moja: atakayechelewa mara tatu katika mwezi huo, jina lake linafutwa.

Nauliza: katika miezi kumi na miwili, nani aliyechagua wa nne? Mtoto wa darasa la kwanza hapa Mara anajua mwezi wa nne mvua inavyonyesha. Vibarua wanaokaa mjini wanakanyaga lami mpaka getini. Sisi wa rasi tuna kilomita kumi na sita, na katikati yake kuna mbuga, kilomita mbili za udongo mweusi ambao greda hupita juu yake kila mwaka wa uchaguzi, tena kiangazi, wakati barabara haina shida na mtu. Kwa hiyo wa mjini wangepita na wa rasi wangechujwa na mvua, bila mkubwa yeyote kutia sahihi ya kumfukuza mtu. Wataita bahati mbaya. Nimesoma maendeleo ya jamii chuoni miaka mitatu, na jambo moja nililolielewa vizuri ni kwamba bahati mbaya inazijua sana nyumba za maskini.

Nyamburi alikuwa tayari na baiskeli. Hapa lazima niseme jambo linaloniuma mwenyewe.

Kwetu mume akiwa ziwani, kaka yake ndiye anayesimamia mji. Kaka yake Samwel ni Luhende, mnunuzi wa samaki, mtu wa sauti kubwa na viatu safi. Mwezi wa pili Nyamburi alipotaka baiskeli, hela ilikuwa yake, ya kuchuna sangara, lakini aliyekwenda dukani ni Luhende. Mwenye makalio ya kukalia hiyo baiskeli hakuulizwa. Na Luhende hakwenda peke yake. Alinichukua mimi, msomi, nimsaidie kuchagua. Nikasimama dukani Musoma na simu yangu mkononi, nikasoma kwa sauti sifa za baiskeli moja nyekundu: gia ishirini na moja, shokapu mbele, breki za waya, madigadi ya plastiki yaliyokaa karibu kabisa na tairi ili maji yasimrukie mtu. Nilisema hiyo ndiyo ya kisasa. Sikuuliza inakwenda kupita wapi. Ninapita njia hiyo hiyo, na sikuuliza.

Luhende akaileta nyumbani na nailoni zake za kiwandani, na hakuruhusu zitolewe. Mnajua tabia yetu. Kitu kipya hakivuliwi nguo. Juu ya nailoni akaizungushia utepe mwekundu na wa njano, fremu yote, na nyuma ya madigadi akaning'iniza kipande cha mpira chenye picha ya simba. Kijiji kizima kilikuja kuitazama. Mpaka mwezi wa tatu unaisha, baiskeli ilikwenda vizuri, kwa kuwa juani baiskeli yoyote inakwenda vizuri.

Mvua ya kwanza kubwa ilishuka wiki ya pili ya mwezi wa nne. Nyamburi aliondoka saa kumi na moja kama kawaida. Alipoingia mbugani, tope likajaa kati ya tairi na madigadi, mizunguko minne, mitano, gurudumu likasimama. Akachukua kijiti akakwangua. Akasukuma hatua kumi, likasimama tena. Mwisho akaibeba begani, kilomita mbili, na alipofika getini akakuta mlinzi analivuta geti kulifunga.

Geti lile ni la chuma, linakwenda kwa magurudumu juu ya reli iliyochimbiwa chini, na mlinzi hulivuta kwa mikono. Mlinzi anaitwa Kasmiri. Si mtu mbaya. Anatoka Bunda, ana watoto wanne, naye ni kibarua vilevile, kwa kampuni nyingine. Nyamburi aliingiza mkono kwenye upenyo uliobaki, nusura vidole viende. Akamsihi, akamwonyesha saa ya simu, kwamba ilikuwa bado dakika kufika saa moja. Kasmiri akamjibu kitu ambacho Nyamburi alinisimulia jioni neno kwa neno, na nakuomba ukishike.

"Dada, sheria yao haisemi saa. Inasema geti. Geti likifungwa uko nje, umechelewa."

Akaandika mara ya kwanza.

Ya pili ilikuja siku sita baadaye. Safari hii Luhende alikuwa amekata kipande cha madigadi kwa kisu, akasema tatizo limekwisha. Tope likahamia kwenye gia. Ule mkono mwembamba unaopeleka cheni huku na huku ukajaa, ukapinda, ukaingia kwenye spoku, na spoku saba zikakatika kwa mpigo. Nyamburi akaanguka ubavu. Akainuka, akaiacha baiskeli kwenye kibanda cha muuza mkaa, akakimbia. Mwanamke wa miaka arobaini na mbili, akikimbia kilomita tisa na magumboti ya kiwandani mkononi. Alifika geti limefungwa. Kasmiri akaandika mara ya pili, naye, Nyamburi anasema, hakumtazama usoni.

Siku kumi zilikuwa zimebaki. Mara moja tu zaidi, na miaka sita inakuwa si kitu.

Jioni ile nilikwenda kumpa pole. Nilimkuta ameirudisha ile baiskeli kutoka kwa muuza mkaa, ameilaza uani, anaichana nailoni kwa kile kisu cha nyumbani cha kuparia samaki. Chini ya nailoni na utepe wa Luhende maji yalikuwa yameingia yakakaa, na fremu ya miezi miwili ilikuwa na kutu ya mistari, kama mgongo wa punda milia. Hakulia wala hakulalamika. Aliniuliza Jumapili nina kazi gani. Nikasema sina. Akasema tutakwenda kutafuta baiskeli, na nitambebea ndoo.

Sikuelewa ndoo ya nini. Jumamosi alipotoka kazini alipita mbugani, akajaza tope kwenye ndoo ndogo ya rangi, ile yenye mfuniko, akamwagia maji kidogo lisikauke. Jumapili hakwenda misani, jambo ambalo kwa Nyamburi si dogo, kwani yeye ni kiongozi wa jumuiya. Tulianza na Musoma mjini. Duka la kwanza mwenye duka alitukaribisha mpaka alipoona mfuniko unafunguliwa. La pili alituambia duka si shamba. La tatu alisema baiskeli ikichafuliwa imenunuliwa, na akasimama kati yetu na baiskeli mikono imepanuka. Nilikasirika nikataka kubishana naye habari za haki ya mnunuzi. Nyamburi alikuwa ameshafunga ndoo anaelekea stendi.

Tukapanda basi la Bunda. Konda alinyoosha kidole kwenye ndoo miguuni pangu akauliza ina nini. Nyamburi akamwambia tope. Konda akauliza tope la nini, akaambiwa la barabara yetu. Akatutazama mmoja mmoja.

"Mganga gani huyo, wa Bunda, anayetaka ulete na barabara?"

Mzee mmoja wa kiti cha nyuma akasema tuachwe, huenda tunampelekea diwani akaione, maana kuifuata mwenyewe imemshinda. Basi zima likacheka, nami nikacheka, ingawa nilikuwa na hasira ya kutosha kulisukuma basi hilo mpaka Mwanza.

Bunda, upande wa Kabasa, kuna fundi anaitwa mzee Stanislausi. Anaunda baiskeli za watu wa mkaa na pamba, wale wanaopakia magunia mawili na mbuzi juu yake. Kibanda chake ni mabati matatu na harufu ya grisi. Siku ile alikuwa na baiskeli tatu za kuuza: moja ya gia, ndugu yake na ile nyekundu ya kwetu, moja ya kike, ile isiyo na bomba la juu, ina kikapu mbele na kava la cheni, na moja nyeusi, ya kizamani, ya kiume, ndefu kama ngazi. Nyamburi alisalimia, akauliza bei za zote tatu, kisha akafungua ndoo, akachota tope kwa mkono, akalipaka kwenye tairi la nyuma la ile ya gia, kuzunguka lote.

Mzee Stanislausi akaweka spana chini.

"Mama, umekuja kununua baiskeli au kupanda viazi?"

"Nimekuja na barabara yangu, baba. Baiskeli zenu hazijaionaga."

Mzee akasogea, akainua baiskeli kwa kiti ili gurudumu lining'inie, akamwambia azungushe pedeli kwa mkono. Gurudumu likaenda mara tatu likakwama. Mzee hakuudhika. Nilimwona anafurahi, kama mwalimu ambaye baada ya miaka mingi amepata mwanafunzi. Akaisogeza ya kike yeye mwenyewe. Hiyo ilizunguka zaidi, mara tisa au kumi, huku tope likikwaruza madigadi, kisha kava la cheni likajaa, cheni ikalia, ikasimama. Nyamburi akauliza kama madigadi na kava vinaweza kutolewa. Mzee akasema vinatoka, ila akamwonyesha pale uma wa mbele ulipobana tairi, pasipopita hata kidole, akasema hapo hakuna cha kutoa.

Ikabaki nyeusi. Mzee alifungua madigadi yake, yote mawili, akayatupa pembeni. Kati ya tairi na chuma pakabaki nafasi ya vidole viwili. Nyamburi akapaka tope, akaongeza, akapaka mpaka ndoo ikakaribia kuisha. Akazungusha. Tope likapanda na gurudumu, likafika juu, likaruka lote kwenye fulana ya mzee Stanislausi, kifuani, na gurudumu likaendelea kuzunguka safi bila kusimama. Mzee akajitazama fulana. Akasema hiyo ndiyo risiti yake.

Kisha akamweleza, na mimi msomi nikasikiliza nikiwa nimeitia simu yangu mfukoni. Breki za waya hujaa tope, breki za vyuma huteleza rimu ikilowa. Hii nyeusi ina breki ya kukanyaga pedeli kinyumenyume, na breki yenyewe imejificha ndani ya habu ya nyuma, maji hayaifikii. Hakuna gia, kwa hiyo hakuna cha kupinda. Spoku zake ni nene. Pedeli za plastiki akazitoa akaweka za chuma. Akashusha kiti. Akajaza grisi kwenye golori mpaka ikafurika, akasema asiifute, hiyo ndiyo inayozuia maji. Akamwonya asiivike nailoni hata siku moja. Chuma kipumue, na jioni kipakwe mafuta machafu ya gari kwa kitambaa, basi. Kwa nini mambo haya hayakuandikwa dukani Musoma? Kwa nini tumejaziwa baiskeli za kupigia picha, zimetengenezwa na mtu ambaye hajawahi kuona mbuga, zinaletwa na mtu anayekwenda kazini kwa gari, zinachaguliwa na shemeji asiyezipanda, na kusifiwa na kijana mwenye cheti? Mnyororo mzima, na aliyekuwa mwisho wake ndiye aliyebeba begani.

Mzee alikuwa na neno moja la mwisho, nalo alilisema kwa upole.

"Ila hii ni dume, mama. Lina bomba. Watakucheka."

"Wananichekaga nikiwa nje ya geti pia," Nyamburi akasema, akalipa.

Pale pale akafunga gauni kiunoni, chini alikuwa amevaa suruali ya trakisuti ya Fredy, akaisukuma baiskeli hatua tatu, akapitisha mguu juu ya bomba, akaondoka nayo kuzunguka uwanja. Vijana wa bodaboda wakapiga miluzi. Alizunguka mara mbili, akakanyaga breki, baiskeli ikasimama kama imepigwa msumari. Ndoo iliyobaki na tope robo hakunipa niimwage. Aliniambia tunarudi nayo.

Jioni tulifika stendi ya Musoma, na baiskeli ikawa inateremshwa kutoka juu ya basi. Luhende alikuwa pale, ametoka kuuza sato. Sijui nani alimwambia. Alikuja na watu wake wawili, akaitazama baiskeli tangu gurudumu la mbele mpaka la nyuma, akauliza ya nani. Nyamburi akasema ni yake. Luhende akasema kwa sauti ya kusikika na stendi yote kwamba mke wa kaka yake hatapita mjini amepanua miguu juu ya bomba kama mbeba mkaa, Samwel ataonekana ameoa nini. Watu wakaanza kusogea. Halafu akabadilisha sauti, ikawa ya upole, na huo upole ndio ulionichemsha damu.

"Hii niachie mimi, shemeji, nibebee samaki. Wewe nitakutengenezea ile ya gia. Ile ndiyo saizi ya mwanamke."

Akashika usukani. Hakuona hata aibu. Mbele ya watu, kitu cha mwenzake, kwa sababu tu ni cha mwanamke na kimeonekana kizuri. Nilianza kumwambia kwamba sheria ya nchi hii inamruhusu mwanamke kumiliki mali, na yeye akaniuliza hiyo baiskeli nyekundu aliichagua nani. Alikuwa amenipata.

Nyamburi hakuvuta baiskeli. Aliniomba ndoo. Akaifungua, akaiweka juu ya viatu safi vya Luhende, akaikandamiza kidogo chini kama mtu anayetua mzigo.

"Tope hili la mbugani, shemeji, unalijua. Lipite kesho saa kumi na moja na ile uliyoninunulia. Ukifika ng'ambo bila kuibeba begani, hii nakupa. Nitakuwa nakuangalia, kwa sababu nitakuwa mbele yako."

Mmoja wa watu wake mwenyewe ndiye aliyecheka kwanza. Kila mtu wa rasi pale stendi aliijua mbuga. Luhende akatazama viatu, akatazama wingu lililokuwa limekaa juu ya ziwa, jeusi, linakuja. Akauachia usukani. Akasema Samwel ataambiwa. Nyamburi akajibu Samwel atafurahi kujua mke wake bado ana kazi, akawasha tochi aliyoifunga mbele kwa mpira, akaondoka.

Mimi nililala Kamunyonge, pale pale mjini, kwa dada yangu Sara. Mvua ilianza kabla hatujala, ikanyesha usiku kucha bila kupumzika. Asubuhi nikachukua mwavuli nikaenda kusimama ng'ambo ya barabara, mkabala na geti. Sikuwa na kazi pale. Nilitaka tu kuona kwa macho yangu jinsi mtu anavyofutwa, kama angefutwa, ili nisiwe tena wa kusimuliwa.

Wa mjini walifika mapema, wakavu, na miavuli. Kasmiri alisimama na daftari lake ndani ya mfuko wa plastiki, akiweka alama. Kutoka upande wa rasi hakukuja mtu. Saa moja kasoro robo, hakuna. Kasoro dakika kumi na mbili nikaiona tochi. Alikuja amekaa wima, hana haraka ya mtu aliyechelewa, na kwa kuwa baiskeli haina madigadi, mstari wa tope ulikuwa umempanda mgongoni mpaka kwenye kitambaa cha kichwa. Akavuka barabara, akaingia getini amepanda. Kasmiri akatabasamu kabla hajakumbuka kuficha, akaweka alama.

Nilitegemea angeenda moja kwa moja kubadilisha nguo. Hakuenda. Alisimama ndani ya geti akageuka kutazama alikotoka.

Wakatokea kwenye kona. Wanawake watano wa rasi, wa vijiji vya kwetu. Watatu kwa miguu, ndala mkononi. Wawili wamebeba baiskeli. Mbele alikuwa Gloria, mchunaji mwenzake wa meza moja, na baiskeli yake ya gia ilikuwa begani, na nailoni zake zote bado zinaning'inia, zinavuja maji. Walikuwa wanakimbia jinsi mtu anavyokimbia akiwa amebeba baiskeli. Gloria pia alikuwa na alama mbili za kuchelewa kwenye daftari.

Kasmiri akatazama simu. Saa moja kamili. Akatazama barabara, akatazama dirisha la ofisi lililokuwa na taa, akaweka mikono kwenye geti akaanza kuvuta.

Nyamburi akailaza baiskeli juu ya reli. Hakuiangusha. Aliilaza, kama unavyolaza mtoto, katikati ya njia ya geti. Chuma kikaja kikagonga bomba lile la kiume, mlio ukasikika mpaka niliposimama.

"Mama Fredy, ondoa hiyo. Utaharibu baiskeli na kazi."

"Vuta tu, Kasmiri. Tuone kipi kinaharibika."

Akarudisha geti nyuma, akavuta tena kwa nguvu. Rangi nyeusi ikabanduka kidogo kwenye bomba. Bomba halikupinda. Mara ya tatu mikono yake ilishika geti lakini haikuvuta.

Wakaingia. Mmoja mmoja, wakiruka juu ya gurudumu, tope mpaka magotini. Gloria alikuwa wa mwisho. Aliitupa ya kwake nje, ukutani, ikaanguka ndani ya dimbwi na gia zake zote, akaruka akaingia. Nyuma yao pikapu nyeupe ya meneja ikakata kona, ikasimama mbele ya geti, ikapiga honi.

Nyamburi alikuwa amemshika Kasmiri mkono wenye kalamu.

"Geti limefungwa?"

Kasmiri akalitazama geti, akaitazama baiskeli iliyolala kwenye reli, akaitazama pikapu.

"Halijafungwa," akasema.

"Basi andika."

Akaandika, majina matano, na mbele ya kila jina alama ya waliofika. Pikapu ikapiga honi tena, ndefu. Nyamburi akainama, akaiinua baiskeli yake, akapangusa pale rangi ilipobanduka kwa kidole, na kuisogeza kando bila haraka yoyote.